Safari Yetu ya Karema

Qur'ani Tukufu inatuhimiza, wala si mara moja, tutembee katika ardhi tukatazame ulikuwaje mwisho wa watu waliotutangulia. Wengi wetu tusikiapo himizo hilo hudhani kuwa latutaka safari ya mbali, twende Misri au Shamu tukayaone magofu ya wafalme wa kale. Lakini ardhi ya Mwenyezi Mungu ina milango mingi. Aliye Mpanda anaweza kutoka kwake baada ya Alfajiri, akasali Adhuhuri kando ya Ziwa Tanganyika, na katika mwendo huo wa nusu siku akaona mambo ya kumtosha kuyazingatia mwaka mzima. Nasi ndivyo tulivyofanya, na haya tunayowaandikia wasomaji wetu na vijana wao ni habari za safari hiyo ya Karema.

Ndugu zetu wa Unguja, Lamu, Tanga na Kilwa watatuwia radhi tukiuita Karema mji wa pwani. Twajua kuwa wao wana bahari, nasi tuna ziwa. Lakini ziwa hili si dimbwi. Urefu wake, kutoka Burundi upande wa kaskazini hata Zambia upande wa kusini, ni kama kilomita 670, na kina chake kikubwa kinapita mita 1,400, hata ulimwenguni kote hakuna ziwa linalolishinda kwa kina ila Baikal la huko Urusi. Nchi nne zinakunywa maji yake: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Lina mawimbi na pepo zake, lina bandari na mabaharia wake, na watu wa ng'ambo zake mbili huuziana na kuoana kwa lugha ya Kiswahili. Kama hiyo si pwani, basi hatujui pwani ni nini. Tena mtu akiulizwa miji ya ziwa hili, hujibu upesi Kigoma na Ujiji. Karema haitajwi, na tumewakuta wakazi wa Mpanda yenyewe ambao hawajapata kuiona.

Mpanda ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kuugawa Mkoa wa Rukwa. Mji huu ulikuzwa na madini. Katika zama za Waingereza palichimbwa hapa risasi, na kwa ajili ya risasi hiyo reli ilitandikwa kutoka Kaliua, mwendo wa kilomita 210 hivi kupita porini, ikafunguliwa mwaka 1950. Mgodi ule mkubwa haukudumu, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 ulikuwa umefungwa. Lakini reli ilibaki, na watu walioletwa na mgodi wakabaki, wakalima mpunga, mahindi na tumbaku, na wengine wakatafuta dhahabu kwa sururu zao. Leo sokoni Mpanda utamkuta Mbende na Mkonongo, Mpimbwe na Mfipa, Msukuma na Muha, pamoja na wale walioikimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa ardhi Katumba na Mishamo, ambao wengi wao, pamoja na watoto wao, wamekuwa raia wa Tanzania. Habari hii ya reli tumeitanguliza kwa makusudi. Kitu alichokijenga mtu kwa haja yake, Mwenyezi Mungu hukigeuza kikawa cha haja ya wengine, na jambo hilo tulilikuta tena Karema.

Tulikuwa watu wanne katika msafara wetu, watatu watu wazima na mmoja kijana wetu wa kidato cha tatu, ambaye amekwisha hifadhi Juzuu Amma na ambaye haachi kuuliza maswali. Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri, gari limejaa abiria, magunia, magodoro na kuku wawili waliofungwa miguu. Njia hiyo yapita Kasekese na Kapalamsenga, na kwa sehemu kubwa ni msitu wa miombo. Juu ya miti tuliona mizinga ya nyuki iliyochongwa kwa magogo, kwani asali ya nchi hii ina sifa tangu zamani. Kwa kuwa Mpanda imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa ni kama mita 770, mwisho wa njia ni mteremko kupita vilimani. Dereva alipunguza mwendo, abiria wakanyamaza, na mama mmoja aliyeketi mbele yetu akawa anavuta tasbihi. Mara vilima vikaachana, na katikati yake tukaona rangi ya buluu iliyonyooka kama ukuta. Kijana wetu alidhani ni mbingu. Mama yule akamwambia, "Hilo ndilo ziwa, mwanangu. Bado halijaisha hata macho yakiisha."

Tulipofika Karema jua lilikuwa limekwisha pinduka. Tulishuka ufukweni, tukatawadha kwa maji ya ziwa, maji safi ambayo mtu huyaona mawe ya chini yake, kisha tukaelekea msikitini. Mwendo wetu ulikuwa umepita kilomita 100, nao ni masafa ambayo wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameyakubali kwa msafiri, basi tulikusanya Adhuhuri na Alasiri, tukasali rakaa mbili mbili. Tunawakumbusha vijana jambo hili kwa sababu wako wanaoacha sala safarini kwa kudhani ni nzito. Mola wetu ameifanya nyepesi, na aikataaye zawadi hiyo anajinyima mwenyewe.

Baada ya sala tulikwenda kuitazama bandari. Serikali imejenga hapa bandari mpya kwa gharama inayopita shilingi bilioni 47, yenye gati la kufungia meli na ukuta wa kuzuia mawimbi. Kusudi lake ni biashara ya Kongo. Ng'ambo ya pili iko Moba, na kaskazini yake iko Kalemie, mji ambao Wabelgiji waliuita Albertville. Na nyuma ya miji hiyo kuna nchi kubwa inayohitaji saruji, mchele, sabuni na nguo, nayo ina bidhaa zake za kuleta. Vijana wa Karema wanazungumza habari za bandari hii kama watu wanaongoja mvua. Mmoja alituambia kuwa babu yake alikuwa mchukuzi wa mizigo, baba yake mvuvi, naye anataka awe karani wa forodha, Inshaallah. Tulimwombea dua, tukamwambia kuwa ukarani wa forodha ni amana, na kalamu yake itaulizwa kama ulivyoulizwa mgongo wa babu yake.

Kutoka ufukweni tulipanda hadi mahali penye misheni ya Kikatoliki, kwa maana hapo ndipo ilipokuwa ngome ya zamani ya Karema. Msimamizi mmoja wa mahali pale, Mkristo, alitukaribisha kwa heshima, akatupa viti na maji, kisha akatusimulia. Na sisi tukaoanisha masimulizi yake na tuliyoyasoma.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaita Brussels wasafiri na wataalamu wa Ulaya, ikaundwa jumuiya iliyotangaza kuwa inataka kuifungua Afrika kwa elimu na kuikomesha biashara ya watumwa. Kituo chake cha kwanza katika ziwa hili kilikuwa Karema. Nahodha wa jeshi aitwaye Cambier alifika mwezi wa Agosti 1879 akaanza kujenga. Mwaka huo huo mfalme alifanya jaribio ambalo watoto wetu watalipenda: alileta tembo wanne waliofugwa, kutoka Bara Hindi pamoja na walezi wao, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam, ili wabebe mizigo badala ya wapagazi. Aliyewaongoza ni Mwingereza aitwaye Carter. Tembo hao walikufa njiani mmoja baada ya mmoja, akafika Karema mmoja tu, naye hakuishi sana. Mwaka 1880 Carter mwenyewe na mwenzake Cadenhead waliuawa huko Mpimbwe, katika mkoa huu huu wa Katavi, walipokutwa na vita vya Mtemi Mirambo na washirika wake.

Ngome yenyewe ilijengwa karibu na maji. Lakini miaka ile ziwa lilikuwa limepanda kupita kadiri, kisha maji yakapata njia ya kutokea kwa Mto Lukuga upande wa Kongo, yakashuka mita nyingi, na ngome ikaachwa mbali na ufuko, kama mtu aliyekaa barazani akingoja mgeni aliyekwisha pita. Katika miaka yetu hii, tangu mwaka 2020, ziwa limepanda tena, likaingia majumbani mwa watu Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie. Anayejenga ufukweni na azikumbuke habari hizi mbili, kwani maji yana Mwenyewe.

Mwaka 1885, ulipokwisha mkutano wa Berlin na upande huu wa ziwa ukawa katika himaya ya Wajerumani, ngome ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, ikawa misheni. Ama mfalme aliyeijenga kwa jina la kukomesha utumwa, alipata nchi ya Kongo mwaka huo huo, na watu wake wakateswa kwa ajili ya mpira hata ulimwengu ukapiga kelele, akanyang'anywa mwaka 1908. Basi mwenye akili na azingatie kuwa neno zuri halimtakasi mwenye tendo baya.

Hapo msimamizi yule akatusimulia habari za mtu mmoja aliyeitwa Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi za Mto Niger, miaka ya 1860. Alitekwa angali mtoto, akavukishwa jangwa akauzwa, hata mapadri wakamkomboa huko Algeria. Wakamsomesha, wakampeleka kisiwa cha Malta akajifunza utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema. Akakaa hapa akiwatibu watu, bila kujali kabila wala dini zao, mpaka alipofariki mwaka 1956. Yapata miaka 67 mtoto aliyeuzwa kama mbuzi alikuwa mganga wa nchi ambayo si yake.

Tulisikiliza sote kimya. Timbuktu ni mji wa Waislamu, mji wa misikiti na vitabu, ambao sisi huutaja kwa fahari tunapowahadithia watoto wetu habari za elimu. Kijana wetu akauliza mbele ya mwenyeji wetu, "Na waliomteka walikuwa Waislamu? Na hawa waliowapitisha watumwa hapa ziwani, walikuwa Waislamu kama sisi?"

Tunakiri mbele ya wasomaji kuwa tulitafuta njia ya kupita pembeni. Mmoja wetu akasema kuwa Wazungu waliwapeleka watumwa wengi zaidi ng'ambo ya Atlantiki. Wa pili akasema kuwa watemi wa bara nao waliwauza watu wao. Wa tatu akasema mambo hayo ni ya zamani. Yote matatu ni kweli, na hakuna hata moja lililomjibu mtoto. Naye alinyamaza kwa adabu, lakini tuliona usoni mwake kuwa hakuridhika. Mwenyeji wetu, Mwenyezi Mungu amjazie kheri, hakutaka kutuaibisha, akatuongoza kutazama bustani.

Baada ya Magharibi tulikaa barazani mwa msikiti pamoja na mzee mmoja aliyekuwa amesali mstari wa mbele. Kijana alimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akamshika mkono asimwachie. Ikawa kama kwamba swali lilikuwa linamngoja yeye, kwani kijana alilirudia pale pale, nasi hatukuweza kumzuia.

Mzee akacheka kidogo, kisha akasema, "Babu yangu mzaa baba alitoka Umanyema. Alivushwa ziwa hili angali mdogo, mama yake ametiwa shingoni mti wenye panda, yeye anatembea ameshika nguo ya mama. Wakaenda kwa miguu hata Tabora. Mama alifia njiani. Aliyewachukua alikuwa akisali sala tano. Huko Tabora babu akanunuliwa na mtu mwingine, naye pia alikuwa akisali sala tano. Huyo wa pili alimsomesha Qur'ani pamoja na watoto wake, na alipokuwa mtu mzima akamwacha huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, akampa mke. Ndipo akarudi ziwani. Babu alikuwa akituambia, 'Aliyenifunga alitamka shahada, na aliyenifungua alitamka shahada. Shahada ni moja, mioyo ndiyo miwili.'"

Kijana akamwuliza, "Nawe, babu, hukuona uchungu na dini hii?"

"Uchungu niliuona na yule mtu," akajibu mzee. "Dini ndiyo iliyoniambia kuwa alidhulumu."

Ewe msomaji, jibu hilo la mzee wa Karema lina fikihi ndani yake kuliko majibu yetu matatu. Imo katika Sahihi ya Bukhari hadithi iliyo wazi, kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Na wale waliotekwa usiku vijijini mwao Marungu na Umanyema walikuwa nini, kama hawakuwa watu huru? Qur'ani imewapa sehemu katika zaka wale wanaokombolewa, imeamrisha kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya makosa, na Bilali, mtumwa aliyeteswa kwenye mchanga wa Makka, ndiye aliyechaguliwa kuwa mwadhini wa Mtume (s.a.w.). Basi waliofanya biashara ile hawakuifuata dini. Waliifuata faida, wakaivika kanzu. Na sisi tukiificha habari yao kwa kuionea haya, twawafundisha watoto wetu kuwa haki ya jamaa hupimwa kwa mizani nyingine. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusimame na uadilifu ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, na wazazi wetu na jamaa zetu.

Usiku ule hatukulala mapema. Mwezi ulikuwa mwandamo wa siku chache, ukatua upesi, na ziwa likawa giza. Ndipo taa za wavuvi zilipotokea, moja, tatu, kumi, hata upeo wote ukawa kama mji. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga: taa humulika maji, dagaa wakaja juu, wavu ukainuliwa. Zamani walitumia karabai za mafuta ya taa, na sasa wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Kwa hiyo mvuvi wa hapa huutazama mwezi kama autazamavyo Mwislamu anayeungoja Ramadhani. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mzee alituambia kuwa siku hizo za mwezi mpevu, yaani 13, 14 na 15, ambazo kuzifunga ni suna, wako wavuvi wa Karema wanaozifunga, kwa kuwa Mola wao amewapumzisha na kazi. Tulifurahi sana kulisikia jambo hilo. Sisi wa mjini twaziona siku hizo katika kalenda ya ukutani, wao wanazisoma majini.

Alfajiri tuliwaona wanawake wakiwaanika dagaa, na migebuka ikipangwa juu ya vichanja. Mama mmoja alipima dagaa kwa kopo, akalijaza, kisha akaongeza konzi moja juu yake. Tulipomwuliza kwa nini, alisema, "Mkono wangu ukikosea, hiyo itanitetea." Akatueleza pia kuwa samaki wamepungua kuliko zamani. Ndiyo sababu nchi nne za ziwa zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 uvuvi ulifungwa miezi mitatu, tangu Mei 15 hata Agosti 15. Ilikuwa tabu kwa nyumba inayokula kwa wavu; wengine walilima, wengine walikopa. Lakini mama yule alisema samaki naye ana haki ya kuzaa. Mwenye mali hutoa zaka ili mali yake itakasike, na mwenye ziwa huliacha lipumue.

Tulirudi Mpanda siku hiyo. Tuliposhuka njia ilituchukua yenyewe, lakini kupanda ni jambo jingine. Penye vilima gari lilishindwa. Dereva akatuomba tushuke, wanaume wakasukuma, wanawake wakachukua mizigo midogo kichwani, na watoto wakatafuta mawe ya kuweka nyuma ya magurudumu. Mwenye kanzu alisukuma pamoja na mwenye rozari shingoni, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu. Mzee mmoja dhaifu alikuwa nyuma sana. Kijana wetu akarudi, akamtwika begani kifurushi chake, wakaja pamoja polepole.

Tulipopumzika juu, tukimeza mate kwa kiu, tulimwambia kijana atusomee Surat al-Balad, yaani Sura ya Mji, iliyo katika Juzuu Amma aliyoihifadhi. Akaisoma kwa sauti nzuri. Alipofika penye neno Aqaba tulimsimamisha, tukamwuliza kama anajua maana yake. Alisema maalimu wake alimfundisha kuwa ni njia ngumu ya mlimani. Tukamwambia atazame nyuma. Akatazama mteremko tuliotoka, na chini yake ziwa, na mahali pa ngome pakiwa padogo kama punje. Kisha tukamkumbusha maana ya aya zinazofuata: kuwa kuipanda njia hiyo ngumu ni kumwacha huru mtumwa, au kulisha siku ya njaa, yatima aliye jamaa au maskini aliyelala mavumbini.

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe walipita katika njia kama hii na watumwa wao, na sura hii wakiijua."

Tukamjibu, "Ndiyo, mwanetu. Walikuwa wakiijua." Na safari hii hatukuongeza neno la kuwatetea.

Wasomaji wetu wapenzi, Karema haina majumba makubwa ya kuwavuta watalii. Wageni wajao Katavi huenda kwenye hifadhi kuwatazama viboko na tembo, nao wana haki, kwani ni ishara za Muumba. Lakini tunawashauri wazazi wa Mpanda, Tabora na Sumbawanga, wenye uwezo wa kufunga safari ya siku mbili, wawapeleke watoto wao wakaione bandari hii, mahali pa ngome na taa za usiku, na wakiulizwa wasipite pembeni kama tulivyopita sisi. Mtoto aliyefichwa kosa la babu yake atalisikia kwa mwingine, naye atadhani kuwa tulilificha kwa sababu tuliliridhia.

Tena bandari imefunguka upya. Yatapita magunia, yatapita magari, na watapita watu, kwa maana ziwa hili limewavusha wakimbizi wa vita vya Kongo mara nyingi, na atakayeshuka gatini hana chochote atakuwa katika mikono ya watu wa Karema. Wako pia wadanganyifu wanaowachukua watoto wa maskini kwa ahadi ya shule au kazi ya nyumbani, kisha wakawatumikisha bila ujira. Utumwa umebadilisha nguo tu. Nyumba ya Mwislamu yenye mtumishi na ijihesabu: Je, analipwa kabla jasho lake halijakauka, kama alivyoagiza Mtume (s.a.w.)? Je, anakula tunachokula? Je, ana ruhusa ya kurudi kwao? Hayo ndiyo majibu ambayo babu yule wa Umanyema angetaka kuyasikia kwetu.

Kijana wetu tangu turudi ameomba jambo moja, kwamba akimaliza masomo apelekwe Karema kwa mwezi mzima akakae na yule mzee, aandike masimulizi yake kabla hayajazikwa. Tumemkubalia. Tunamwomba Mwenyezi Mungu ampe mzee umri na afya, atusamehe sisi na waliotutangulia, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoipanda njia ile ngumu, wala si wa kuitazama kwa mbali. Amin.